Honi ya Kona ya Tatu

Kabla ya kupelekwa kwenye kiwanja cha mbio za ngamia, Japheth alikuwa akilinda mlango wa jengo la ofisi mtaa wa Al Sadd, huko Uarabuni. Kazi yake ilikuwa kuvuta mlango wa kioo, kusalimia, na kusimama. Watu wa jengo lile walimpita kila siku na hakuna aliyemjua jina. Alikuwa mtu wa Malava, upande wa Kakamega, mrefu kupita kiasi, na mikono ya sare yake iliishia juu ya vifundo kwa sababu kampuni haikuwa na saizi yake. Mwaka 2011 kampuni hiyo ya ulinzi ikapata kazi ya kuweka askari kiwanjani, nje ya mji kwenye njia ya kwenda Dukhan, ikawa inatafuta watu wasiochoka kusimama juani. Japheth akajitokeza. Mwangi, Mkenya mwenzake tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja mtaa wa Muaither, alimcheka sana.

“Buda, unaacha AC uende kuchunga ngamia?”

“Huko angalau kuna kitu cha kuangalia,” Japheth akamjibu.

Na kweli kilikuwepo. Mtu ambaye hajaona mbio zile anaweza kudhani ni ngamia tu wanaokimbia. Sivyo. Ngamia wanakimbia ndani ya uzio, kila mmoja ana roboti mgongoni. Roboti yenyewe ni kidude kidogo kilichovalishwa kofia na rangi za mwenye ngamia, kina fimbo inayozunguka na kipaza sauti. Nje ya uzio kuna barabara, na kwenye barabara hiyo magari ya matajiri yanakimbia sambamba na ngamia, Land Cruiser juu ya Land Cruiser, vumbi tupu. Tajiri anakaa kiti cha abiria, mkono mmoja ameshika rimoti ya fimbo, mkono mwingine redio ya kumpigia ngamia wake kelele. Usukani ni wa dereva. Tajiri macho yake yako kwa ngamia, na dereva hana ruhusa ya kutazama ngamia hata mara moja, maana mbele yake kuna gari, nyuma kuna gari, na ubavuni kuna gari.

Kwa hiyo sheria nyingi za pale zilikuwa za madereva. Usivuke mstari mweupe kuusogelea uzio. Usilipite gari la mwenzako kwenye kona. Na iliyotiliwa mkazo kuliko zote, usipige honi. Honi inamtia ngamia kiwewe. Walikuwepo walioitumia kumkimbiza ngamia wao, au kumtisha wa mwenzao aende kombo. Kila gari lilibandikwa namba mlangoni, na kila kona ilikuwa na askari mwenye redio. Askari akiona kosa anataja namba ya gari, basi. Kuhukumu ni kazi ya kamati. Kosa la uzembe, dereva alisimamishwa wiki kadhaa. Kosa la udanganyifu, alinyang’anywa kibali cha kiwanja na hakurudi tena. Na dereva mgeni aliyenyang’anywa kibali kwa udanganyifu, mara nyingi alifutiwa na viza pia, kwa sababu hakuna tajiri aliyetaka kumweka nyumbani mtu aliyemwaibisha mbele ya wenzake.

Japheth alipewa kona ya tatu, na aliipenda. Alikuwa akirudi Ijumaa nywele zimejaa vumbi, anatusimulia jinsi ngamia wanavyoegemea upande mmoja wanapokata kona, na jinsi ardhi inavyotetemeka chini ya viatu kabla hata hujawaona. Madereva wa Kipakistani na wa Kisudani walimzoea, wakampa jina la Tawil, yaani mrefu. Hakuwaonea na hakuwapendelea. Akiona mstari umevukwa, anataja namba.

Msimu ulipoanza, msimamizi wa askari alikuwa amewauliza mmoja mmoja kama wana ndugu au rafiki wa karibu miongoni mwa madereva wa kiwanja. Aliye naye asingewekwa kwenye kona. Japheth alisema hana, na siku ile ilikuwa kweli.

Kisha akaingia Abubakari. Si kwamba alikuwa mgeni kwetu. Abubakari wa Korogwe alikuwa amelala kitanda cha chini ya kile cha Japheth muda mrefu, na pilau ya Ijumaa ilikuwa yake, hakuna aliyethubutu kumgusia sufuria. Alikuwa dereva wa nyumbani kwa Bwana Ghanim, mzee wa pale pale Muaither, akipeleka watoto shule na kina mama madukani. Ila Bwana Ghanim alikuwa na ngamia, na katikati ya msimu dereva wake wa kiwanjani, Msudani, akaugua akarudi kwao. Abubakari akaambiwa ashike usukani wa mbio. Alirudi chumbani siku hiyo anacheka peke yake.

“Jafeti! Kuanzia Ijumaa tuko wote kazini. Utaniona napita, bwana weye, vumbi nyuma kama waziri.”

Japheth alifurahi naye. Halafu, akiwa anavua viatu, akasema, “Lakini inafaa nimwambie supavaiza tunakaa pamoja.”

“Kwani sisi ndugu? Mimi Mzigua, wewe Mluhya. Tumekutana hapa hapa.”

“Waliuliza hata rafiki.”

“Haya, nenda kamwambie. Wakurudishe Al Sadd ukavute mlango.”

Mwangi akadakia kutoka kitanda chake cha juu, “Na uwasalimie wale wa lifti!”

Japheth hakwenda wiki ile. Alisema ataenda wiki inayofuata, na wiki inayofuata ilipofika alikuwa na neno lile lile. Mbio zikapita mara kadhaa. Abubakari alikuwa akiendesha upande wa mbali wa barabara, na vumbi lilikuwa zito, kwa hiyo hata kuonana hawakuonana.

Ijumaa moja ya Januari, asubuhi, upepo ulikuwa umetulia. Ngamia wa Bwana Ghanim, jike jekundu, alikuwa wa pili, anamfuata ngamia wa tajiri mwingine kwa urefu wa shingo. Magari yalibanana kuingia kona ya tatu. Abubakari akasukumwa na foleni ile hadi upande wa ndani kabisa, akajikuta anapita mbele ya askari, karibu kiasi cha kumgusa. Akaliona lile jitu refu, mikono nje ya sare. Akapiga honi. Pi, pi.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunaijua honi hiyo. Si ya kumfukuza mtu njiani. Ni ile ambayo dereva wa lori anampigia muuza mahindi anayemfahamu, au dereva wa shule anampigia fundi baiskeli wa pale mtaani. Ukiipita sura unayoijua bila kuipigia honi, jioni utaulizwa kama umenuna. Mkono unaipiga kabla kichwa hakijafikiri, na aliyepigiwa naye ananyanyua mkono kabla hajafikiri. Japheth alinyanyua mkono.

Ngamia aliyekuwa akiongoza alirusha shingo juu, akaenda kombo hadi kwenye uzio, akasimama pale anazunguka huku roboti inampiga fimbo bure. Jike jekundu la Bwana Ghanim likampita, likashinda.

Redio ya Japheth ikalia. “Kona ya tatu! Nani amepiga honi?”

Alituambia baadaye kwamba mkono wake ulikuwa bado juu. Aliutazama kama wa mtu mwingine, akaushusha, akabonyeza redio.

“Namba arobaini na moja.”

Alidhani yatakwisha kwa onyo, au Abubakari akae wiki mbili tatu bila mbio. Lakini mchana ule ule mwenye ngamia aliyetishwa alipeleka malalamiko. Alisema huo si uzembe, ni udanganyifu. Gari la aliye wa pili limepiga honi mara mbili ubavuni mwa aliye wa kwanza, na wa kwanza amepotea. Nani asiyeona? Kamati ikapanga kukaa Jumanne, na Abubakari akaambiwa aache kibali chake mezani mpaka siku hiyo.

Jioni ya Ijumaa hiyo hatukula pilau. Abubakari alikaa kitandani na kanzu yake, anazungusha funguo kidoleni. Japheth alipoingia, Mwangi ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

“Yaani Jafe, mtu anakusalimia, wewe unamshtaki?”

“Wameniuliza nani. Ningesema aje?”

“Ungesema hujaona! Vumbi!”

“Vumbi gani? Leo hakukuwa na vumbi.”

Abubakari akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. “Muache, Mwangi. Kafanya kazi yake. Mimi ndiye nimepiga honi kama niko kwetu Segera.” Akamgeukia Japheth. “Ila sikiliza. Jumanne mimi sikujui. Nitasema mkono umeteleza. Ukisema ulikuwa unaniitikia, watakuuliza tunajuana vipi, na utaondoka kwenye kona yako. Wawili tusiende kwa honi moja.”

“Na kama hawakubali kuwa umeteleza?”

“Watanifanya nini? Watanirudisha Korogwe. Korogwe napajua.”

Aliyasema kwa ushujaa, lakini sote tulijua Bwana Ghanim ndiye kafili wake, yaani mdhamini, na viza iko mkononi mwake, na kwamba Abubakari hakuwa tayari kurudi. Kwao walimjua kama mtu aliyefanikiwa. Japheth alipanda kitandani na viatu vyake, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

Jumanne kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano kilicho chini ya jukwaa la watazamaji. Wazee watatu walikaa nyuma ya meza, na karani Msudani alikuwa akitafsiri pale ilipobidi. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini, mtu wa kusikiliza. Bwana Ghanim alikaa upande mmoja, mlalamikaji upande mwingine. Abubakari alisimama katikati. Japheth aliitwa kama shahidi, akawekwa kwenye kiti karibu na ukuta.

Abubakari akaulizwa. Akasema mkono uliteleza.

“Mkono ukiteleza,” mwenyekiti akasema, “unapiga honi mara moja. Wewe umepiga mara mbili.”

“Umeteleza mara mbili, bwana.”

Hata karani alishindwa kuzuia tabasamu. Mwenyekiti hakutabasamu. Akamgeukia Bwana Ghanim, akamuuliza kama alimtuma dereva wake.

“Wallahi sikumtuma,” Bwana Ghanim akasema, uso umemwiva kwa hasira. “Nilikuwa naongea na ngamia wangu. Kama huyu ametaka kunifurahisha, amefanya kwa akili yake, na amenivunjia heshima. Kamati ikimfukuza, na mimi simtaki.”

Basi kesi ikawa imeelekea njia moja, ya udanganyifu. Wakawasha televisheni waone picha za mbio zilizopigwa kutoka kwenye gari la matangazo. Kona ya tatu ikaonekana, magari yamebanana, honi ikasikika, na pale pembeni askari mrefu akanyanyua mkono wake juu kabisa. Mwenyekiti akasimamisha picha.

“Tazameni,” akasema. “Honi imelia, na askari papo hapo amenyanyua mkono kuonyesha kosa. Hivi ndivyo ninavyotaka askari wote wafanye.” Akamtazama Japheth pale ukutani. “Umefanya kazi vizuri. Kampuni yako itaambiwa.”

Japheth alisimama. Kichwa kilikaribia kugusa feni. Karani alidhani anataka kushukuru, akamwonyesha kwa mkono aketi.

“Huo mkono haukuwa wa kazi,” Japheth akasema kwa Kiingereza chake cha pole pole. “Nilikuwa naitikia salamu.”

Karani akatafsiri. Mwenyekiti akauliza, salamu ya nani?

“Ya huyu. Amepiga honi kunisalimia. Tunakaa chumba kimoja Muaither. Hakuwa anamtazama ngamia, alikuwa ananitazama mimi.”

Abubakari akaropoka kwa Kiswahili, “Kaa chini, Jafeti! Nilikwambia nini?”

“Na wewe nyamaza, Beka. Umeshateleza vya kutosha.”

Wazee wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mlalamikaji akasema hizo ni hadithi walizopanga chumbani, sasa wamejulikana kuwa marafiki, ndiyo maana wanalindana. Mwenyekiti akanyoosha mkono, wote wakanyamaza. Akamuuliza Japheth, kwa upole lakini bila kumwamini, tangu lini mtu anasalimiwa kwa honi kama punda njiani.

“Kwetu ndivyo,” Japheth akasema.

Wakati huo Dominiko, Mganda aliyekuwa akipeleka kahawa ofisi za kiwanja, aliingia na dele na vikombe. Hakujua kilichokuwa kikizungumzwa. Alikuwa akitokea jikoni. Mwenyekiti akamtazama, akamwambia karani amuulize jambo moja, na wengine wote wafunge midomo. Karani akauliza: Dominiko, ukiwa nyumbani kwenu unaendesha gari, ukampita jirani yako amesimama kando ya barabara, unafanya nini?

Dominiko akashika dele vizuri. Alidhani ameshtakiwa kwa kitu.

“Nampigia honi.”

“Mara ngapi?”

“Mara mbili, bwana. Ndogo ndogo. Kama ana mkewe, tatu.”

“Na yeye?”

Mkono mmoja ulikuwa na dele, mwingine vikombe. Dominiko akanyanyua ule wa vikombe.

Wakamwambia amimine kahawa. Wazee wakainama wakanong’onezana muda mrefu, na mlalamikaji akakataa kikombe chake.

Uamuzi ulitolewa kabla ya adhuhuri. Honi ni honi, mwenyekiti akasema, na ngamia hajui salamu. Ushindi wa Bwana Ghanim ulifutwa, mbio zikahesabiwa kuwa za yule aliyefika nyuma yake. Abubakari alisimamishwa mpaka mwisho wa msimu kwa uzembe, lakini udanganyifu haukuandikwa, na kibali chake kingemngoja. Bwana Ghanim alikubali. Alikuwa amepoteza ushindi lakini jina lake lilikuwa limesafishwa mbele ya wenzake, na hilo lilimtosha. Alipokuwa akitoka alimwambia Abubakari, “Bora dereva mjinga kuliko dereva mwizi. Kalete gari.”

Suala la Japheth halikuchukua muda. Mwenyekiti alimuuliza kama aliwahi kumwambia msimamizi wake kwamba anakaa na dereva. Japheth akasema hapana. Mwenyekiti akasema amefanya vizuri kusema leo na vibaya kutosema tangu mwanzo, na kwamba askari wa kona hawezi kuwa na jambo la kuficha kwa madereva. Akaamuru aondolewe kiwanjani siku hiyo hiyo. Japheth alikabidhi redio kwa msimamizi wake mlangoni. Msimamizi alikuwa amekasirika zaidi ya kamati. Alimwambia ruhusa ya kukaa nje ya kambi ya kampuni imekwisha pia, ahamie kambini Al Wukair kwa askari wenzake, kazi atapangiwa.

Alihama Alhamisi. Sanduku lake na godoro lake vilipakiwa kwenye pikapu ya Bwana Ghanim, na Abubakari ndiye aliyeendesha. Mimi nilikaa katikati yao. Mwangi alikuwa kazini, lakini alikuwa ameacha chupa ya achari ya embe juu ya sanduku.

Njiani walibishana kama mke na mume.

“Ungekaa kimya,” Abubakari alikuwa akisema, “leo ungekuwa askari bora wa kiwanja. Wangekupa na cheti.”

“Ningekitundika wapi? Juu ya kitanda chako kitupu?”

“Ningekuachia na kitanda. Nilishapanga.”

“Ulipanga nini wewe? Mtu anaulizwa honi mbili anasema ameteleza mara mbili.”

“Na wewe ulinitaja namba haraka hivyo kwa nini? Hata pumzi hukuvuta.”

Tulikuwa tumeshapita mzunguko wa barabara, majumba yanapungua na magreda yanaongezeka, kwa sababu wakati ule Al Wukair ilikuwa inajengwa kila upande.

“Nilikutaja kwa sababu ilikuwa wewe,” Japheth akasema. “Angekuwa yule Mpakistani wa namba thelathini ningemtaja. Sasa wewe nikuache? Basi kile nilichokuwa nafanya pale ni nini?”

Abubakari alifikiri, akabadilisha gia. “Haya,” akasema. “Hapo sina la kusema.”

Kwenye kambi ya kampuni walimpa Japheth kitanda karibu na mlango wa choo, mahali anapopewa mgeni. Abubakari alilibeba sanduku mwenyewe mpaka ndani, akakitazama kile kitanda cha chuma na lile godoro la Japheth, akalitandika. Wenzake wa chumba, Wanepali, walitutazama.

Kampuni ilimpangia lango la nyumba za makazi huko huko Al Wukair. Alinyanyua kizuizi cha magari kwa zaidi ya miaka mitano. Abubakari alirudi kiwanjani msimu uliofuata, akaendelea kumwendeshea Bwana Ghanim, na Ijumaa zilipokuwa hazina mbio alikwenda Al Wukair na sufuria imefungwa kwa kitambaa kiti cha nyuma. Siku moja tulipokuwa tunakula huko, nilimuuliza Japheth kama anaijutia ile kona. Huwa siulizi watu mambo kama hayo, lakini siku hiyo nilimuuliza.

Alisema anakosa asubuhi za kule, na ule mtetemo chini ya viatu kabla ngamia hawajaonekana. “Lakini Beka angerudishwa kwao,” akasema, “ningesimama pale kila Ijumaa, na kila gari likipita ningetazama nani yuko kwenye usukani, nikijua si yeye.” Akamsogezea Abubakari sahani, akaomba aongezewe nyama.